Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Studio za Filamu: Wasomeni Mashujaa Kabla ya Kuwapeleka Kwenye Skrini

Kwa Wakurugenzi Watendaji, Watayarishaji Wakuu na Wakuu wa Vitengo vya Miswada,
Studio zote zinazomiliki haki za kuwatengenezea filamu mashujaa wa vibonzo.

YAH: MNAVYOWAHAMISHA MASHUJAA KUTOKA VITABUNI, NA MNAVYOWATENDEA WALIOWASOMA NA WALIOWABUNI

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimeshindwa. Katika miaka minne nimeiandikia studio moja kati yenu barua tatu. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninayoyalalamikia si yake peke yake. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Niliiandika usiku, siku tatu mfululizo, vitabu vyangu vikiwa wazi mezani ili nisikosee hata namba ya toleo. Nikajibiwa na mashine: ilinishukuru kwa mapenzi yangu, ikanionyesha mahali pa kununulia fulana. Barua ya pili haikujibiwa. Baada ya ya tatu nililetewa dodoso lenye maswali kumi na manane. Bango lipi linanivutia? Nembo iwe ya rangi gani? Ningependa mashujaa wangapi katika filamu moja? Kuhusu hadithi sikuulizwa swali hata moja.

Mimi si mtengenezaji wa filamu. Ni msomaji. Nilianza kusoma vibonzo vya mashujaa nikiwa na miaka minane na sijaacha hadi leo. Filamu zenu pia nazipenda. Zipo ambazo nimezitazama mara nyingi hata najua mwigizaji atavuta pumzi wapi kabla ya kusema. Naomba mlijue hilo mapema, maana kwenu anayelalamika hubatizwa jina la mwenye chuki kabla hajamaliza sentensi. Mwenye chuki hakeshi siku tatu akiandika barua.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Mnaondoa nguzo ya hadithi, kisha mnadhani tumekasirikia pambo

Nianze na Spider-Man, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kusoma nikiwa na hofu.

Katika filamu ya Sam Raimi ya mwaka 2002, utando unamtoka Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, mwilini, kwenye vifundo vya mikono. Katika vitabu, tangu Stan Lee na Steve Ditko walipomleta duniani mwaka 1962, utando ni kazi ya mikono yake. Mvulana wa shule, yatima anayelelewa na wazee wasio na kitu, anajifungia chumbani na kubuni gundi ambayo viwanda vizima havijaibuni. Na gundi hiyo huisha. Huisha akiwa hewani, kati ya ghorofa na ghorofa, kwa sababu hakupata muda wa kuchanganya nyingine, au hakuwa na pesa ya kununulia kemikali. Msomaji anaijua hofu ile: kidole kinabonyeza, hakitoki kitu. Hapo umaskini wa Peter unatoka nyumbani kwa shangazi yake na kumfuata hadi katikati ya pambano. Hana haja ya kutuambia kwamba maisha ni magumu. Tunaanguka naye.

Mashabiki walipolalamika mwaka ule, walionekana watu wa kung'ang'ania kidude. Mimi mwenyewe niliipenda filamu ile, na bado naipenda. Miaka kumi baadaye, katika The Amazing Spider-Man ya 2012, kifaa kikarudishwa. Tukashangilia, halafu tukatazama vizuri. Kifaa Peter alikiunda, naam, lakini utando wenyewe ulikuwa bidhaa ya kampuni ya Oscorp. Kijana aliuagiza tu. Mlisikia neno "kifaa". Maneno "mikono yake" hayakuwafikia. Hilo nililieleza kwa urefu katika ukurasa wa tatu wa barua yangu ya kwanza, na naamini hakuna aliyeufikia ukurasa huo.

Mfano wa pili ni Superman. Man of Steel ya 2013 ilipofikia mahali anapomvunja shingo adui yake Jenerali Zod, watu wengi walitoka ukumbini wameumia. Watetezi wa filamu wakasema: mbona hata vitabuni amewahi kuua? Ni kweli. Katika toleo la 22 la Superman, mwaka 1988, John Byrne aliandika na kuchora hadithi ambamo Superman anawaua kwa kryptonite, jiwe linalowadhuru watu wa sayari yake, wahalifu watatu waliokuwa wameangamiza dunia nzima ya ulimwengu mwingine. Sasa someni yaliyofuata. Kitendo kile hakikumwacha. Akili ilimtikisika, akawa anatoka usiku amevaa sura ya mtu mwingine bila mwenyewe kujua, na mwishowe akaihama dunia na kwenda kutangatanga angani kwa kuogopa kwamba amekuwa hatari kwa watu anaowapenda. Waandishi waliubeba mzigo huo kwa miezi mingi. Katika filamu, anapiga ukelele, mpenzi wake Lois anamkumbatia, na muda si mrefu tunamwona ameangusha droni ya jeshi huku ofisa mmoja akitabasamu na kumsifia mvuto wake.

Kwa hiyo swali letu halikuwa "kwa nini ameua". Tulikuwa tunauliza uzito umekwenda wapi. Byrne alijua kwamba mtu wa namna ile akiua, hadithi yote inayofuata lazima iinamie upande huo. Aliyesoma toleo la 22 na kuishia hapo amesoma tukio, hakusoma hadithi.

Deadpool sina haja ya kumwongelea sana. Mtu anayejulikana kwa mdomo wake, mamluki asiyenyamaza hata akichomwa kisu, mwaka 2009, katika X-Men Origins: Wolverine, mlimshona mdomo. Ilibidi picha za majaribio zivuje mwaka 2014, watu wazishangilie, ndipo filamu yake ikapata ruhusa. Ilitoka 2016, ikagharimu takriban dola milioni 58 na kuingiza zaidi ya milioni 780. Kilichofanyika ni kumrudishia mdomo.

Na msidhani tunadai kila kitu kifanane na kitabu. Wolverine wa vitabuni ni mfupi, sentimita 160. Hugh Jackman, aliyemwigiza kuanzia mwaka 2000, anazidi sentimita 185. Mwaka ule wapo walionung'unika. Leo nani anakumbuka? Logan ya 2017, filamu ya Wolverine akiwa mzee, iliacha karibu matukio yote ya kitabu kilichoichochea. Hatukudai chochote kirudishwe. Mle ndani alikuwamo mzee aliyechoka, anayeogopa kupenda tena kwa sababu kila anayempenda hufa mikononi mwake. Tulimjua mara moja. Watu wazima walikaa vitini taa zikiwa zimewashwa, wakifuta macho.

2. Mnaogopa kelele, hoja hamzisikii

Najua mna kumbukumbu ya kutupigia nayo kichwani. Mwaka 1988 mwongozaji Tim Burton alipomteua Michael Keaton kuwa Batman, barua za kupinga zilizokadiriwa kufika 50,000 zilimiminika kwenye ofisi za Warner Bros. Filamu ikatoka mwaka 1989, Keaton akawa Batman ambaye watu wengi bado wanamlinganisha na waliomfuata. Heath Ledger alipotangazwa mwaka 2006 kuwa Joker, adui wa Batman katika The Dark Knight, alikejeliwa. Akafariki Januari 2008 kabla filamu haijatoka, na mwaka 2009 akatunukiwa Oscar akiwa kaburini.

Tulikosea. Nalikubali bila kuongeza neno "lakini" mbele yake. Kumhukumu mwigizaji kabla hajasimama mbele ya kamera ni dhuluma.

Ninachowaomba ni kutofautisha lalamiko la kabla na lalamiko la baada. Aliyemkataa Keaton mwaka 1988 alikuwa hajaona kitu, alikuwa anaogopa. Aliyelalamika kuhusu mdomo wa Deadpool mwaka 2009 alikuwa amelipa tiketi, ameketi, ametazama hadi mwisho, anajua alichokiona. Wa kwanza anahitaji kutulizwa. Wa pili anawaletea taarifa. Ninyi mnawatia wote kwenye gunia moja na kuliandika "mashabiki".

Kwa kuwa hamtofautishi, mnamjibu mwenye sauti kubwa. Mwongozaji Zack Snyder aliiacha Justice League mwaka 2017 baada ya kufiwa na binti yake, na filamu ikamaliziwa na mtu mwingine kwa mtindo mwingine. Wapenzi wa kazi yake wakaanza kampeni ya kutaka toleo lake. Baadhi yao walifanya jambo la heshima kubwa: walichanga mamia ya maelfu ya dola kwa ajili ya shirika la Marekani linalopambana na tatizo la watu kujiua. Wengine walitukana watu kwa miezi na miezi. Mwaka 2022 jarida la Rolling Stone liliripoti kwamba sehemu ya akaunti zilizokuwa zikivuma katika kampeni ile zilikuwa bandia. Toleo la saa nne lilitoka mwaka 2021. Nililitazama, na ni bora mara nyingi kuliko lile la 2017. Furaha yangu haikukamilika, hata hivyo, kwa sababu niliona jinsi mlango ulivyofunguliwa. Waliochanga, waliotukana na akaunti zisizo na mtu nyuma yake wote walihesabiwa kama kelele moja, na ukubwa wa kelele ndio uliofungua kufuli. Mmewafundisha watu namna ya kuzungumza nanyi. Msishangae wakiitumia.

3. Walioumba mashujaa hawa wanasahauliwa, na hapa hasira yangu ndiyo kubwa

Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Wagawane. Ilipofika miaka ya sabini, wakati filamu kubwa ya Superman inaandaliwa, waliomuumba walikuwa wazee wenye dhiki, na Shuster macho yalikuwa yanamwishia, yeye aliyekuwa mchoraji. Ilibidi wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson wakiwa mbele, wapige kelele magazetini mwaka 1975 ndipo wakakubaliwa malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudishwa. Wale watu wawili wangeweza kufa bila kuliona jina lao juu ya kazi yao.

Bill Finger, aliyemuumba Batman pamoja na Bob Kane, hakuliona. Bob Kane alikuwa na mchoro wa mtu mwenye nguo nyekundu na mabawa magumu ya popo. Finger ndiye aliyependekeza joho, kofia yenye masikio na rangi ya kijivu. Ndiye aliyeandika hadithi za mwanzo, ndiye aliyeleta jina la Gotham. Alifariki mwaka 1974. Filamu ya 1989, ile iliyoingiza zaidi ya dola milioni 400, ilimtaja Kane peke yake kuwa mbunifu. Jina la Finger lilikubaliwa rasmi mwaka 2015, baada ya mjukuu wake na watafiti waliompenda kulipigania. Miaka arobaini na moja baada ya kifo chake.

Hapa sharti niwageukie na wenzangu. Tuliandika barua 50,000 kwa sababu ya uso wa Michael Keaton. Kwa ajili ya Bill Finger tuliandika ngapi? Aliyekuwa amedhulumiwa mwaka ule hakuwa Batman.

Mtasema hayo ni ya zamani, mikataba ya siku hizi ni bora. Mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting ndio waliomrejesha Bucky, rafiki wa Captain America, kama Winter Soldier mwaka 2005. Bila wao, filamu ya 2014 iliyobeba jina hilo isingekuwapo. Brubaker ameeleza hadharani kwamba malipo aliyoendelea kuyapata kwa kuonekana kidogo tu ndani ya filamu ile kama mwigizaji yalizidi aliyolipwa kwa kumbuni mhusika. Someni tena sentensi hiyo. Kupita mbele ya kamera kulimlipa kuliko kuumba kile ambacho kamera ilikwenda kukipiga picha.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa nafunika majina ya kwenye jalada kwa kiganja na kujaribu kumtambua mchoraji kwa mistari yake tu. Jack Kirby nilimjua kwa vidole vile vya mraba, kwa nguvu inayotaka kutoka nje ya karatasi. Kwetu wasomaji, majina haya ni watu. Kwenu, yako katika orodha ya "shukrani maalumu" inayopita baada ya wapishi na madereva, ukumbi ukiwa umeshaanza kufagiliwa. Siwadharau wapishi na madereva. Nasema tu kwamba aliyejenga nyumba hatajwi miongoni mwa wageni walioshukuriwa kwa kuitembelea.

4. Mnawaacha waigizaji peke yao

Idris Elba, mwigizaji mweusi, alipopewa nafasi ya Heimdall katika Thor ya 2011, kikundi kimoja cha wabaguzi nchini Marekani kiliitisha mgomo. Michael B. Jordan, naye mweusi, alipokuwa Johnny Storm wa Fantastic Four mwaka 2015, ilimlazimu aandike mwenyewe makala ya kuwajibu waliompinga. Anna Diop, aliyeigiza Starfire katika tamthilia ya Titans, alishambuliwa kwa rangi yake kwenye mtandao wa kijamii mwaka 2018. Starfire, waheshimiwa, ni mtu wa sayari nyingine mwenye ngozi ya rangi ya machungwa.

Wanaofanya hivyo hujiita mashabiki na kudai wanakilinda kitabu. Siwezi kusema hawamo kati yetu. Wamo, na ni aibu yetu. Lakini ninyi ndio wenye sauti inayofika kila kona. Mnamteua mtu, mnamweka mbele ya moto, kisha idara zenu za habari hukaa kimya kwa siku kadhaa zikipima upepo. Katika siku hizo yule mtu anasoma kila kitu, peke yake, usiku.

Kuna upande mwingine unaoniuma karibu sawa na huo. Filamu ikiwa dhaifu, na wasomaji wenye hoja wakaieleza, hutokea watu wa upande wenu wakatuchanganya na wabaguzi ili lawama yote itupwe pamoja. Hapo anayeumia mara mbili ni mwigizaji: alitukanwa kwa sababu ya rangi au jinsia yake, kisha anageuzwa ngao ya muswada mbovu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mmewahi kulifanya hili vizuri. Black Panther, aliyeanza mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, alipofika kwenye filamu mlimkabidhi kwa watu waliomheshimu. Mzee John Kani alikileta Kixhosa kwenye Captain America: Civil War ya 2016 na lugha hiyo ikabaki kuwa lugha ya Wakanda, nchi ya Black Panther. Ryan Coogler, Ruth Carter na Hannah Beachler walijenga nchi ambayo vitabu vilikuwa vimeichora kwa vipande vipande, na wanawake hao wawili wakaondoka na Oscar za maleba na za usanifu wa mandhari. Walibadilisha mengi. Sikumsikia msomaji makini hata mmoja akidai arudishiwe Wakanda ya 1966.

5. Ni nyingi mno, na wanaozitengeneza wanachoka

Mwaka 2021 na 2022 Marvel peke yake ilitoa filamu saba na mfululizo wa tamthilia nane. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney, kampuni inayoimiliki Marvel, alikiri hadharani mwaka 2023 kwamba wingi ule uliwatawanya watu mawazo. Septemba mwaka huohuo wasanii wa picha za kompyuta walioajiriwa na Marvel walipiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Sisi tulikuwa tumewacheka kwa picha mbaya, kumbe walikuwa wanabadilishiwa kazi dakika za mwisho na kufanyishwa saa zisizo za kibinadamu. Nawaomba radhi wasanii hao hapa hapa.

6. Batgirl

Agosti 2022 filamu ambayo upigaji picha wake ulikuwa umekwisha, iliyogharimu takriban dola milioni 90, ilifutwa na kufungiwa ili kupunguza hesabu za kodi. Leslie Grace aliigiza, Adil El Arbi na Bilall Fallah waliongoza, mamia ya watu walifanya kazi. Huenda ilikuwa mbaya. Filamu mbaya nimeziona nyingi na sijafa. Haki ya kuiita mbaya ni ya mtazamaji, na mwigizaji naye ana haki kazi yake ionekane.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua, kwa sababu nimeyasoma katika mahojiano yenu mengi.

Mtasema filamu si kitabu. Nimekwishaonyesha kwamba tunalijua hilo. Logan ndiyo shahidi wangu.

Mtasema mashabiki wenyewe hawakubaliani, sasa tumsikilize yupi? Kweli hatukubaliani. Nina rafiki ambaye tumebishana juu ya Superman kwa miaka kumi na moja na hatujafika mahali. Lakini tusikilizeni tukibishana: sote wawili tunajua ni wapi hadithi imebeba uzito, tunatofautiana tu juu ya namna ya kuubeba. Mabishano ya namna hiyo ni hazina kwa mwandishi wa muswada. Wekeni wasomaji watatu wanaopingana katika chumba kimoja na mtatoka na maarifa ambayo dodoso la maswali kumi na manane haliwezi kuwapa.

Mtasema pesa ziliingia. Batman v Superman ya 2016 ilianza na dola milioni 166 nchini Marekani na Kanada katika siku tatu za kwanza. Wikiendi ya pili mapato yakaporomoka kwa takriban asilimia 69. Wikiendi ya kwanza watu hununua tiketi kwa imani waliyojengewa na miaka ya kusoma. Ya pili hununua kwa walichosimuliwa na waliotangulia. Zile milioni 166 zilikuwa deni, na mnaendelea kukopa kutoka kwenye akiba ambayo akina Siegel, Finger na Kirby ndio walioiweka.

Kwa hiyo ninaomba haya, na ninayaomba hadharani ili yajibiwe hadharani.

Kabla muswada haujaandikwa, mwekeni mezani mtu aliyemsoma shujaa huyo tangu toleo la kwanza, na mpeni mamlaka ya kusema hapana. Asiitwe upigaji picha ukiwa umekwisha, ili jina lake litumike kutuliza watu. Awepo siku ile mnapoamua utando utoke mwilini au mkononi.

Majina ya waliombuni shujaa yaandikwe mwanzoni mwa filamu, mahali lilipo jina la mwongozaji, kwa herufi za ukubwa uleule. Na pawepo kanuni ya malipo iliyoandikwa na kutangazwa, inayomhusu kila mwandishi na mchoraji ambaye hadithi yake imechukuliwa, iwe ni filamu, tamthilia au mwanasesere wa plastiki, na iwahusu pia warithi wa waliokwisha kufariki. Barua za shukrani na mialiko ya uzinduzi haviwezi kulipa kodi ya nyumba.

Mwigizaji wenu akitukanwa kwa rangi, jinsia au dini yake, semeni siku hiyohiyo, kwa jina la mkuu wa studio.

Filamu iliyokamilika ionyeshwe. Kama hamuitaki, iuzeni kwa atakayeionyesha.

La mwisho ni dogo: barua ikija, isomwe na mtu, na mtu huyo ajibu kwa jina lake. Sitaki akubaliane nami. Akiniandikia kwamba nimekosea kuhusu utando, kwamba mwili wa Peter ukitoa utando wenyewe kuna jambo juu ya ujana na aibu ya mwili linalosemwa ambalo kifaa kisingeweza kulisema, nitaisoma barua hiyo mara tatu na kurudi kuitazama upya filamu ya 2002. Hayo ndiyo mazungumzo ninayoyatafuta kwa miaka minne.

Nasubiri kwa siku tisini kuanzia leo. Barua zangu tatu mnazo tayari. Mkikosa muda wa kuzisoma zote, ichukueni ya kwanza na mwanzie ukurasa wa tatu.

Wenu kwa heshima,

Msomaji wa vibonzo